Kigeu Kwenye Meza ya Dirishani

Jumatatu, 2 Machi

Siku kubwa! Mwalimu, bosi wetu, ametangaza cheo. Ofisi yetu ya programu, hapa juu ya duka la fundi viatu, itapata mkuu wa kitengo cha viendelezi. Kitengo chenyewe kina watu wawili, mimi na Nadhifu. Kwa hiyo mmoja atamwongoza mwenzake. Ni wazi nani atamwongoza nani.

Cheo kinakuja na meza ya dirishani. Meza ya dirishani ina feni. Mimi nakaa mlangoni pa choo, na kila anayenisalimu ananisalimu akiwa na haraka. Kwa sasa dirishani anakaa Nadhifu, eti kwa sababu aliajiriwa kabla yangu. Huo si utaratibu, ni bahati tu.

Nieleze kidogo, kwa faida ya wajukuu watakaosoma shajara hii. Kiendelezi ni programu ndogo inayojibandika kwenye kivinjari na kukiongezea kazi. Chetu kinaitwa Sahihi. Ukiandika neno vibaya, kinalipigia mstari mwekundu, na chini yake unatokea ujumbe: "Samahani, hebu litazame tena neno hili." Mwalimu aliutunga ujumbe huo mwenyewe, mchana mzima, mlango umefungwa. Alifundisha Kiswahili sekondari kabla hajafungua ofisi, na mpaka leo anatembea na kalamu nyekundu. Hata vigeu vya programu, vile visanduku vya kuhifadhia taarifa, hataki tuvipe majina ya lugha nyingine.

Mteja ni chama cha makatibu muhtasi wastaafu. Mwenyekiti wake ni mama mkwe wangu. Nani aliyeileta kazi hii ofisini, basi? Mimi. Nani anastahili feni?

Leo nimekagua orodha ya maneno, K hadi M. Unabonyeza ndiyo kwenye kila neno. Usilolibonyeza, kiendelezi hakitalijua. Kazi ya kitumwa! Nilivumilia mpaka neno "mkutano". Hapo nikakumbuka nina mkutano wangu chini kwa fundi viatu, ambaye ana chai na maneno matamu. Niliporudi nilikuwa nimesahau nilipoishia, nikaendelea kuanzia "mlango", kwa kuwa ndio niliokuwa nikiutazama. Pengo dogo. Kiswahili kina maneno mengi, hakitafilisika.

Jioni nikamwambia mke wangu kwamba cheo nimeshapewa. Si uongo. Ni habari ya kweli iliyowahi kufika. Alifurahi mpaka akanipakulia nyama kabla ya kaka yake, jambo ambalo halijatokea tangu harusi. Kisha akampigia mama yake. Sikulitegemea hilo.

Jumanne, 3 Machi

Mama mkwe amewatangazia makatibu muhtasi wote. Sasa sina njia ya kurudi nyuma. Lazima nipate cheo hicho kabla ya Jumatatu, siku ya kuwaonyesha Sahihi hapa ofisini, na yeye mwenyewe atakuwepo. Atafikia kwangu tangu Jumapili.

Na leo Nadhifu amenifundisha kazi. Mimi! Mwalimu akisikia! Kwanza alifuta kibodi yake kwa kitambaa, akakikunja kitambaa, akakiweka kwenye mfuko wa kitambaa. Ndipo akaanza. Alisema vitu vinavyobadilika, kama jina la mteja na ule ujumbe wa kusahihisha, havifai kuandikwa ndani ya programu. Viwekwe nje, kiendelezi kivichukue wakati wa kujengwa. Hivyo ndivyo vigeu vya mazingira. Vinakaa kwenye faili moja la kazi, lakini ikiwa mashine yenyewe ina kigeu chenye jina lilelile, cha mashine ndicho kinachoshinda. Kisha akaongeza kitu kuhusu chumvi na mkate: kigeu kikishaingia kwenye kiendelezi ndio kimeingia, ukitaka kukitoa uoke mkate mwingine. Hilo alilirudia. Mimi nilikuwa naangalia feni.

Lakini lile la mashine kulishinda faili nililisikia vizuri sana.

Nyumbani nilimkuta shemeji kwenye kochi. Huyu ni kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea mwaka juzi na matembezi hayajaisha. Akaniuliza habari za kazi. Nikamwambia tunashughulikia vigeu vya mazingira. Akasema hongera, ni vizuri hatimaye tunapanda miti. Nikamweleza kwa utaratibu: hivi ni vitu usivyoviona, vimo tu chumbani, na kila kinachofanyika humo kinavifuata. Akafikiri, akasema ameelewa, ni kama dada yake akinuna.

Sijawahi kusikia maelezo bora zaidi. Sikumwambia.

Mpango ulinijia nikipiga mswaki. Mpango safi, wa akili, usio na damu. Kesho!

Jumatano, 4 Machi

Nimefanya! Nadhifu alipotoka kwenda kuosha kikombe chake (anakiosha kwa sponji yake mwenyewe, ina kifuniko), nikakaa kwenye mashine yake. Kiti kina joto la cheo. Nikafungua faili ambalo mashine hulisoma kila inapowashwa, nikapenyeza mstari mmoja katikati ya mistari mingi:

UJUMBE="Umekosea tena, kichwa cha panzi!"

Nikafunga. Nikarudi choo... narudia, nikarudi mezani kwangu, mlangoni pa choo.

Hesabu yangu ni hii. Kesho kila mmoja wetu anamwonyesha Mwalimu kazi yake. Nadhifu atajenga Sahihi kwenye mashine yake, mashine italishinda faili, Mwalimu ataandika neno vibaya kwa makusudi, na ujumbe wake wa mchana mzima atakuta umegeuka kichwa cha panzi. Atamfukuza dirishani kwa kalamu nyekundu. Mimi nitasikitika pamoja naye. Hata uso wa kusikitika nimeufanyia mazoezi.

Kasoro moja tu. Niliacha makombo ya biskuti kwenye kibodi yake. Alipoyaona aliyatazama kama mtu aliyekuta maiti. Nikawahi kusema ni panya. Akauliza panya wanakulaje biskuti juu ya kibodi. Nikasema panya wa siku hizi wamesoma. Akaenda dukani akanunua mtego, akautega chini ya meza yake. Nampenda Nadhifu kwa jambo moja, ukimdanganya hakusumbui.

Alhamisi, 5 Machi

Balaa.

Nadhifu alijenga Sahihi mbele ya Mwalimu. Mwalimu akaandika "kitambu" badala ya kitabu, akasubiri. Mimi nikavaa uso wa kusikitika. Ukatokea: "Samahani, hebu litazame tena neno hili." Mwalimu akatabasamu kwa utunzi wake. Mimi nikabaki na uso wa kusikitika, akaniuliza kama naumwa.

Baadaye ndipo nikagundua. Nadhifu hazimi mashine yake! Anailaza tu, kama mtoto. Lile faili linasomwa mashine inapowashwa, na yake haijawashwa upya tangu juzi. Mtu msafi hivyo, halafu hazimi mashine. Unafiki!

Zamu yangu ikawa mbaya zaidi. Sahihi inatakiwa kumkaribisha mteja kwa jina la chama chake. Jina linatoka kwenye kigeu. Kigeu hicho, kwa mawazo mengi niliyokuwa nayo ya mashine za watu wengine, nilikisahau. Kioo kikaandika kwa herufi kubwa: "Karibuni sana, Haijafafanuliwa."

Mwalimu akauliza Haijafafanuliwa ni nani. Nikasema ni mteja mpya. Nadhifu akakohoa. Mwalimu akaandika kitu kwa kalamu nyekundu, na kalamu ilitembea muda mrefu.

Nyumbani mke wangu alikuwa amenunua kitambaa cha meza kwa ajili ya ujio wa mama yake, mama wa mke wa mkuu wa kitengo. Nilikula kidogo. Shemeji alikula kilichobaki.

Ijumaa, 6 Machi

Nani kasema Mungu humtupa mja wake? Nimepata! Nimepata!

Asubuhi Mwalimu aliniita. Nilikwenda kama mbuzi wa kuchinjwa. Akaniambia mwenyekiti wa chama amempigia simu kumpongeza kwa kunipa cheo, na kwamba makatibu muhtasi wote wanasubiri kuniona kwenye kiti. Mwalimu alisema hajui habari hizo zilitoka wapi. Alisema hivyo akinitazama machoni. Nikatazama kalamu. Kisha akasema hatamvunja moyo mteja siku chache kabla ya kutia sahihi mkataba, kwa hiyo mpaka Jumatatu jioni nitakuwa kaimu mkuu wa kitengo. Kazi ikienda vizuri, neno kaimu litaondoka. Ikienda vibaya, litaondoka neno mkuu, na kaimu, na huenda na mimi.

Neno "kaimu" sikulipeleka nyumbani. Lilikuwa zito, nimeliacha ofisini.

Nadhifu alihama dirishani na kikombe chake. Mashine yake ilibaki, kwa kuwa ndiyo mashine rasmi ya kujengea, safi kuliko zote. Akaizima, akaifungua, akaipuliza vumbi, akaifunga, akaiwasha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilikaribia kumwonea huruma. Nikakaa. Nikawasha feni. Ulikuwa upepo wa kweli!

Akaniomba nimwachie akague kitakachojengwa kabla hakijatumwa kwa mteja, na orodha ya maneno pia. Nikamkatalia. Nilimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha nikavua viatu, nikanyoosha miguu chini ya meza yangu mpya.

Mtego ulikuwa bado upo.

Nadhifu alikitoa kidole changu cha mguu mtegoni kwa upole, akakifunga kwa kitambaa chake, kile cha kwenye mfuko wa kitambaa. Mwalimu alitoka ofisini kwake kuuliza nani amepiga kelele vile. Tukasema panya.

Mchana, nikiwa na kidole kimoja kinene, nikajenga Sahihi kwa mkono wangu na kumtumia mama mkwe aiweke kwenye kompyuta yake ya mapajani, ambayo ndiyo atakayokuja nayo Jumatatu. Sikuona haja ya kuijaribu. Kwanza mimi ndiye mkuu. Pili kidole kilikuwa kinauma. Wiki nzuri kuliko zote.

Jumapili, 8 Machi

Mama mkwe amefika. Nilimwamkia shikamoo nikiwa mlangoni, nimeinama vizuri, akaitikia marahaba mwanangu, mkuu wangu. Mke wangu alinitazama kwa macho ya siku za uchumba. Nasema kweli, machozi yalinilenga. Sijawahi kupendwa nyumba nzima kwa siku moja.

Mama mkwe alipiga chapa ofisi za watu wakubwa maisha yake yote. Anaandika kwa vidole kumi bila kutazama, na akisoma anasoma na vituo vyote, koma na nukta, kama anavyohakiki nakala. Hata hadithi za kulaza wajukuu huzisoma hivyo. Alisema Sahihi yangu ameiweka, ameandika nayo barua nzima, na haijafanya lolote. Nikamweleza kuwa inafanya kazi mtu akikosea. Akasema, basi kwake itakaa bure.

Tulikuwa mezani, kitambaa kipya, kila mtu anatabasamu. Shemeji akamwaga mchuzi. Mama mkwe akageuka akamwambia mwanawe:

"Wewe hujabadilika. Kichwa cha panzi."

Kijiko kikanianguka.

Nilikuwa nimesahau! Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa! Nadhifu aliizima ile mashine. Akaiwasha. Mstari wangu umesomwa. Mimi nimejenga. Mimi nimetuma. Umekosea tena, kichwa cha panzi, kwenye kompyuta ya mama mkwe, na kompyuta iko kwenye chumba tulichompa, chini ya mto wake! Na mtu mwenye adabu haingii chumba anacholala mama mkwe, hata nyumba iwe inaungua.

Mke wangu aliuliza kama chakula kina kasoro. Nikasema nimekumbuka kazi. Mama mkwe akasema mnaona, hivyo ndivyo alivyo mkuu. Kila neno jema likawa linanichoma.

Nikaenda kukaa nje nikafikiri. Nikatulia. Mbona rahisi! Kesho asubuhi nafuta ule mstari kwenye mashine, kigeu kimekwisha, ujumbe umekwisha. Mazingira yatakuwa safi. Nikarudi ndani nikala nyama iliyobaki.

Jumatatu, 9 Machi

Asubuhi niliwahi ofisini. Nikautafuta mstari wangu. Sikuuona. Niliuficha mno! Nilikuwa nimeupenyeza mahali ambapo hata Nadhifu asingeuona, na mimi si Nadhifu. Nilipekua mstari baada ya mstari, jasho linatiririka na feni inapuliza. Mwishowe nikaupata, nikaufuta, nikaizima mashine, nikaiwasha. Nikapumua.

Nadhifu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe. Sijui tangu lini. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole, kama nimekijenga upya na kumtumia mteja. Nikamwambia mkuu hajengi mara mbili. Akanitazama, akanywa chai yake.

Mchana wakaja makatibu muhtasi, viatu safi, mikoba mikubwa, wakaketi mistari miwili kama wanasubiri kufanya mtihani. Mwalimu alikaa mbele na kalamu yake. Mama mkwe akaweka kompyuta yake mezani, meza yangu, ya dirishani, na kila alichoandika kikaonekana ukutani kwa projekta.

Akaandika ukurasa mzima. Vidole vilikimbia kama mvua kwenye bati. Hakuna mstari hata mmoja mwekundu. Makatibu muhtasi wakatikisa vichwa kwa heshima. Mwalimu akamwomba, tafadhali, akosee kidogo ili watu waone. Mama mkwe akanyanyua mikono.

"Sikuwahi kukosea nikiwa kazini. Nianze leo, mbele ya wenzangu?"

Nilifurahi kupita kiasi. Hata kama lingetokea lolote, nilijiambia, kwa mwanamke huyu halitatokea. Mwalimu akasema basi aandike chochote anachotaka, sentensi moja ya moyoni, tumalizie. Mama mkwe akanitazama. Yale macho! Hajawahi mtu kunitazama vile, wala mama yangu mzazi. Nilijisikia mtu. Akaandika, na ukutani tukasoma:

Mkwe wangu ni mkuu wa kitengo.

Mstari mwekundu chini ya "mkwe". Mstari mwekundu chini ya "mkuu". Kisha, chini ya yote, ujumbe.

Nilisikia fundi viatu akigonga msumari chini. Mama mkwe akavaa miwani na kuusoma, kwa sauti yake ya kuhakiki nakala.

"Umekosea tena, koma, kichwa cha panzi, alama ya mshangao."

Mmoja wa makatibu muhtasi, nyuma kabisa, akaanza kutetemeka mabega. Mama mkwe akauliza amekosea wapi. Mwalimu, na hapa namshukuru kwa sauti yake ya chini, akasema mama hajakosea, maneno hayo hayamo kwenye orodha. Kisha akauliza K hadi M ilikaguliwa na nani. Nadhifu aliangalia kikombe chake. Watu wengine wote wakaniangalia mimi. Nikaanza kueleza kwamba ujumbe niliufuta asubuhi, kwa mkono wangu, na hapo nikanyamaza, kwa sababu nilijisikia nikisema.

Nadhifu akamalizia, si kwa ubaya, kwa ule ugonjwa wake wa kuweka kila kitu mahali pake. Akasema kilichoingia wakati wa kujenga kimeingia, ni chumvi kwenye mkate.

Mama mkwe akauliza jambo la pili. Huyu ni mkuu wa kitengo, au siye? Mwalimu akasema ni kaimu. Mpaka leo jioni. Mama mkwe akayatazama yale maneno mawili yenye mistari myekundu, mkwe na mkuu, akayatazama tena. Kisha akavua miwani.

"Basi kinafanya kazi vizuri. Kimeona yote mawili."

Makatibu muhtasi walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilitamani nirudi mlangoni pa choo, na zaidi ya hapo, niingie ndani kabisa nifunge.

Jumanne, 10 Machi

Nadhifu ni mkuu wa kitengo. Si kaimu. Nimerudi mlangoni pa choo. Wanaopita wananisalimu "Habari, Kigeugeu," halafu wanaingia na kufunga mlango, na ninawasikia wakicheka humo.

Mwalimu hakunifukuza. Alitaka. Alikuwa ameshafungua kalamu. Lakini makatibu muhtasi wametia sahihi, na wameomba ule ujumbe wa panzi ubaki, uwe kitu cha kuchagua, kwa sababu kila mmoja ana bosi wake wa zamani anayetaka kumwekea Sahihi kama zawadi. Nadhifu ameshaandaa kigeu rasmi cha kazi hiyo. Ameandika na maelezo yake. Hakuna aliyeniambia asante. Nani alitunga ile sentensi? Mtu anatoa fasihi bure, wanampa mlango wa choo!

Nimepewa orodha ya maneno nirudie yote, kuanzia A, na Nadhifu ameniambia atapitia nyuma yangu. Alinirudishia pia mtego. Akasema panya watakuwa wamehama nami.

Nyumbani ni baridi. Mke wangu hakunigombeza. Aliondoa kitambaa cha meza, akakikunja, akakirudisha kabatini. Niliona mabega yake akifunga lile kabati. Nilitamani angenigombeza. Nilimwendea, nikasema nisamehe. Akasema alimwambia mama yake kwa sababu aliniamini, basi. Nililala kitanda cha kuazima, yaani kochi, na shemeji alilala chini akinung'unika kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini kwa nini amvute na yeye.

Nimeapa. Sitadanganya tena katika nyumba hii. Naandika hapa ili ibaki.

Jumatano, 11 Machi

Mama mkwe haondoki. Amesema atakaa mpaka anione nimetulia. Asubuhi, mke wangu akiwa jikoni na mlango wazi, aliniita nikae naye. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniua. Aliniambia cheo si kitu, alichotaka ni mkwe ambaye neno lake linaweza kupigwa chapa bila kurudiwa. Akaniuliza sasa nakaa wapi ofisini.

Ulikuwa wakati wa kusema kweli. Niliufungua mdomo kwa nia hiyo. Lakini jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza, mke wangu alikuwa anasikiliza, na nikamwona kwa pembe ya jicho ameshika mwiko hewani, anasubiri. Ningewezaje kusema choo?

Nikasema nimehamishwa kwa makusudi. Kwamba Mwalimu amechoka, anatafuta wa kumwachia ofisi, na mtu huyo lazima kwanza aonje kila kona, hata ile ya mlangoni. Kwamba Nadhifu amebaki na kitengo tu, maskini, lakini mimi natayarishwa kuwa mkurugenzi.

Mwiko ukashuka. Mke wangu akatoka jikoni akaniwekea yai, la pili likafuata. Kisha mama mkwe akachukua simu, akasema lazima wenzake wajue kabla hawajaendelea kunicheka.

Hofu? Hata kidogo. Safari hii nimejifunza kuchukua tahadhari. Nilipofika ofisini, kabla ya kuvua koti, nimelikagua neno mwenyewe kwenye orodha. "Mkurugenzi" linakuja kabla ya "mkutano". Limo. Halitapigwa mstari.